Uji Usiniulize, Dawa Niulize

Leo nimekuja na jambo zito kidogo, kwa hivyo chukua chai, tukae.

Juu ya meza yangu saa hii kuna vitu viwili. Cha kwanza ni bahasha ndogo ya kemisti, zile nyeupe za karatasi, imekunjika pembeni. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: 1×1 usiku. Basi. Ndani kumebaki vidonge 26 kati ya 30. Cha pili ni pakiti mpya ambayo bado haijafunguliwa. Kesho Jumamosi, baada ya chai na mkate, nitameza kidonge cha kwanza cha hiyo pakiti.

Zote mbili ni dawa za maumivu ya fibromialjia. Ile ya bahasha nilipewa mwaka jana na nikaiacha siku ya nne. Leo nataka kuwaambia kwa nini niliiacha, na kwa nini nadhani makosa hayakuwa ya dawa wala hayakuwa yangu peke yangu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nakubali. Ukinikuta nimelala, macho yameingia ndani, usisimame mlangoni ukiniuliza kama nataka uji. Pika, leta, nitakunywa. Lakini naona hii methali tumeipeleka mpaka mahali haifai. Tumeipeleka kliniki. Mgonjwa wa siku hizi haulizwi uji, haulizwi dawa, haelezwi dawa, anaandikiwa 1×1 na kuambiwa “next” kwa Kiswahili cha mkono: kiganja kinaelekeza mlango. Mimi nasema hapana. Uji usiniulize. Dawa niulize.

Kwa wageni hapa, wacha nieleze hii kitu ni nini. Fibromialjia ni maumivu ya mwili mzima yanayokaa zaidi ya miezi 3, yakiandamana na uchovu, usingizi ambao unalala lakini haukupumzishi, na kichwa kujaa ukungu hadi unasahau neno uliloanza kulisema. Inakadiriwa kwamba inashika watu 2 hadi 4 kati ya kila 100, na wanawake ndio wengi wanaopatikana nayo. Zamani, kwa vigezo vya 1990, daktari alikuwa anabonyeza sehemu 18 za mwili, na zikiuma 11 ndio unahesabika. Vigezo vya 2010 viliacha kutegemea hiyo kubonyeza. Vinaangalia maumivu yameenea wapi, na usingizi, uchovu na ukungu wa kichwa vimekulemea kiasi gani.

Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha. Eksirei safi. Damu safi. Kila karatasi inarudi ikisema uko fiti, na wewe huwezi kuinua sufuria ya ugali.

Mimi huieleza hivi: umewahi kupanda matatu yenye spika chini ya kiti, na kile kitufe cha sauti kimekwama juu? Wimbo ni ule ule ambao mtu mwingine anausikia vizuri kwa simu yake, lakini kwako unatetemesha mbavu. Mishipa yangu ya fahamu iko hivyo. Kitu kidogo, mkanda wa mkoba begani, kinafika kwenye ubongo kikiwa kimeongezwa sauti. Bega halijaumia. Kilichoharibika ni kile kitufe.

Ukishaelewa hapo, utaelewa kwa nini ile diklofenaki ya kemisti, na ile sindano ya maumivu tunayochomwa tukilia, hazikuwa zinanisaidia. Dawa za aina hiyo kazi yao kubwa ni kwenye uvimbe. Hapa hakuna uvimbe. Ni kama kubadilisha tairi wakati shida ni spika. Ndiyo sababu ukifika kwa daktari anayeijua fibromialjia, atakuandikia dawa ambayo ukiisoma jina lake kwenye simu utashtuka. Itasema ni dawa ya kifafa, ama ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito.

Na hapa ndipo bahasha yangu iliponiangusha.

Ilikuwa amitriptilini ya miligramu 25. Niliimeza saa tano usiku, nikalala, nikaamka saa tano asubuhi. Sikuzi. Mdomo ulikuwa mkavu kama nimekula unga wa mahindi mbichi. Nilikuwa na kazi ya kupiga video ya harusi, ya kwanza ya maana tangu niache chuo, na nilifika kama nimebeba gunia la viazi kichwani. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu sikufunga choo vizuri, yaani hakikutoka kabisa, samahani kwa wanaokula. Siku ya nne mamangu alikuwa amekuja kunitembelea. Akaona bahasha, akaniuliza jina la dawa, akaliandika kwenye simu yake pole pole kwa kidole kimoja. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, sauti imeshuka:

“Kwani walikuambia una shida ya akili?”

Nikamjibu, “Mama, hawakuniambia chochote.”

Huo ndio ukweli. Si kwamba daktari alinidanganya. Hakuniambia. Na mahali ambapo hakuna maelezo, mtu hujijazia mwenyewe. Mimi nilijijazia hivi: hawaamini kwamba naumwa, wanadhani ni mambo ya kichwa, wamenipa kitu cha kunilaza ninyamaze. Usiku huo bahasha iliingia droo.

Miezi mingi baadaye, baada ya kuongea na daktari mwingine aliyekuwa na dakika kumi za ziada, ndio nilijua mambo ambayo yangetosha sentensi tano.

Kwamba amitriptilini ni dawa ya tangu miaka ya 1960, na ndiyo, ilianzia kwenye sonona, lakini kwa maumivu inatumika kwa kiasi kidogo kuliko kile cha sonona. Kwamba zile kemikali inazogusa, serotonini na noradrenalini, ubongo huzitumia pia kutuma amri chini kwenye uti wa mgongo: punguza maumivu hapo. Yaani inajaribu kushika kile kitufe cha sauti. Kwamba wengi huanzishiwa miligramu 10 na kuongezewa taratibu. Kwamba ukiimeza saa moja au mbili kabla ya kulala, badala ya kuimeza ukiingia kitandani, ile asubuhi ya gunia inaweza kupungua. Na kwamba madhara ya mwanzo huja siku ya kwanza, lakini faida inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Soma hiyo ya mwisho tena. Mabaya huja mapema, mazuri huchelewa. Kama hujaambiwa hivyo, mtu yeyote mwenye akili timamu ataacha siku ya nne. Nilikuwa na akili timamu. Niliacha.

Kwa hivyo nikisema mgonjwa aelezwe, siongelei adabu tu, ati daktari awe mpole na atabasamu. Maelezo ni sehemu ya dawa. Bila maelezo kile kidonge hakimezwi, na kidonge ambacho hakijamezwa hakijawahi kumtibu mtu.

Kuna sababu nyingine. Kwa ugonjwa huu, hata wakubwa wa dawa duniani hawakubaliani. Marekani ilipitisha pregabalini kwa fibromialjia mwaka 2007, duloksetini 2008, milnasiprani 2009. Baada ya hapo kimya cha zaidi ya miaka kumi na mitano, hadi Agosti 2025 walipopitisha kidonge cha siklobenzaprini kinachowekwa chini ya ulimi wakati wa kulala. Ulaya nao, wakiangalia duloksetini na pregabalini, walikataa kuzipa kibali kwa ugonjwa huu, kwa sababu hawakuona faida inayozidi hatari. Dawa zile zile, ugonjwa ule ule, majibu mawili.

Na faida yenyewe ni ya kiasi. Tafiti za pregabalini zilipojumlishwa, ilionekana kwamba ukichukua watu 10 wakaimeza na wengine 10 wakameza kidonge kisicho na dawa, kwenye kundi la kwanza kuna kama mtu 1 zaidi anayepata nafuu kubwa, yaani maumivu kupungua nusu. Mtu mmoja. Huyo mmoja maisha yake yanabadilika kweli, simdharau. Lakini wale wengine tisa wanastahili kujua wanaingia kwenye mchezo wa aina gani.

Sasa niambie: kama wataalamu wenyewe wamegawanyika, na faida inategemea mtu na mtu, nani anafaa kuamua kama kizunguzungu na kilo tano za ziada ni bei nzuri ya kulala usiku mzima? Mimi nadhani ni yule atakayebeba hizo kilo. Na hawezi kuamua kama hajaambiwa.

Najua mtasema nini, maana mnanijua na ninawajua.

Wa kwanza atasema: daktari ana foleni ya watu arobaini nje, ataeleza saa ngapi? Nimekaa kwenye hizo foleni, kwenye lile benchi la mbao, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Najua. Madaktari wa mambo haya hapa kwetu ni wachache, na wengi wako Nairobi. Mtu anatoka mbali, analala kwa jamaa, anaonwa dakika tano. Lakini sijaomba mhadhara. Nilihesabu: zile sentensi tano zilizokosekana kwangu zinasomeka kwa dakika moja. Na si lazima ziwe za daktari. Nesi anaweza. Mfamasia ambaye ananipa hiyo bahasha anaweza, na kusema kweli ndiye aliyesomea dawa kuliko wote. Badala ya 1×1, aandike nyuma: “Utasinzia wiki ya kwanza. Usiache ghafla. Rudi baada ya wiki nne.” Kalamu anayo mkononi tayari.

Wa pili atasema: ukimweleza mgonjwa madhara yote, utamtisha, na akiogopa atayasikia hata kama hayapo. Hii hoja ina ukweli ndani yake, siwezi kuitupa. Mtu akitarajia kichefuchefu anaweza kukipata kwa kutarajia tu. Lakini jamani, kwani kunyamaza kunamzuia mtu kuogopa? Mimi niliogopa saa nane usiku nikiwa na simu, nikisoma orodha ya madhara 40 bila mtu wa kuniambia lipi ni la kawaida na lipi ni la mmoja kwa elfu. Uoga utakuja tu. Afadhali uje mbele ya mtu anayejua.

Wa tatu, na huyu mara nyingi ni shangazi, atasema: achana na makemikali, fanya mazoezi. Shangazi, kwa hili uko karibu na ukweli kuliko unavyodhani. Madaktari wa baridi yabisi wa Ulaya, kupitia shirika lao la EULAR, walichapisha mwongozo 2017, na kitu pekee walichokipendekeza kwa nguvu ni mazoezi. Dawa kama amitriptilini, pregabalini na duloksetini walizipendekeza kwa sauti ya chini. Lakini jaribu kutembea dakika ishirini wakati nyayo zako zinauma kama umesimama juu ya changarawe na hujalala vizuri tangu Jumanne. Kwangu mimi dawa ni ngazi ya kufikia hayo mazoezi. Sitaki kukaa juu ya ngazi maisha yangu yote. Nataka inifikishe.

Wa nne ataniambia kitu ambacho nimeambiwa sana: wewe hata chuo hukumaliza, unatufundisha nini kuhusu dawa? Ni kweli. Niliacha chuo mwaka wa pili, na huu mwili ulikuwa na mkono kwenye hiyo hadithi. Sijasomea famasia. Sitamwambia mtu ameze hiki aache kile. Lakini kuuliza hakuhitaji digrii. Mwenye mwili ni mimi, na kama nikinunua simu ya mtumba naruhusiwa kuuliza betri inakaa saa ngapi, basi kitu kinachoingia kwenye ubongo wangu naruhusiwa kukiuliza maswali.

Kwa hivyo safari hii niliuliza. Niliyaandika kwenye simu nikiwa kwenye benchi, maana ule ukungu wa kichwa ungeniibia yote mlangoni. Nayaweka hapa, yachukue.

Moja: hii dawa inafanya nini mwilini, na kwa nini umenichagulia mimi? Yangu mpya ni duloksetini. Alinieleza kwamba nayo ilianzia kwenye sonona na inashika kile kitufe cha sauti. Safari hii jina lake kwenye simu halikunishtua.

Mbili: naanza na kiasi gani, naongeza lini? Miligramu 30 kwa wiki moja, kisha 60 kama mwili umekubali. Pole pole ndio mwendo. Kidonge chenyewe nimeze kizima, nisikifungue wala kukitafuna.

Tatu: nitarajie nini wiki za kwanza, na ni nini ambacho sifai kuvumilia? Ya kuvumilia: kichefuchefu, mdomo mkavu, jasho, usingizi kuyumba. Chakula tumboni husaidia kichefuchefu, ndiyo sababu ya chai na mkate wa kesho. Lakini kuna moja ambayo aliniambia akiwa ameweka kalamu chini. Dawa zote za jamii ya sonona, hata ile ya bahasha ya mwaka jana, zina onyo kwa vijana hadi miaka 24: mwanzoni, na wakati kiasi kinabadilishwa, zinaweza kuleta mawazo ya kujiua kwa baadhi yao. Mimi nina miaka 22. Mwaka jana nililala siku nne na hiyo dawa, mlango umefungwa, na hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua anifanyie nini kama nikibadilika. Safari hii rafiki yangu tunayeishi naye anajua. Amepewa ruhusa ya kuniuliza kila jioni, “Kichwa kiko aje?” na kunipeleka hospitali siku hiyo hiyo akisikia jibu baya, hata nikikataa.

Nne: inapatana na vitu vingine ninavyomeza? Hapa nilikaribia kujikwaa. Kejani nilikuwa na tramadoli nilizopewa na binamu aliyebakisha baada ya kuvunjika mguu. Tulivyo Wakenya, dawa ni kama chumvi, unamwazima jirani. Kumbe tramadoli na duloksetini pamoja zinaweza kupandisha serotonini kupita kiasi, na kuongeza hatari ya kifafa. Joto, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: hiyo ni ya kukimbia hospitali. Mtaje kila kitu, hata dawa za miti shamba, hata vidonge vya kupanga uzazi, hata pombe. Na kama una mimba ama unaipanga, sema kabla ya yote.

Tano: bei ya mwezi mzima ni ngapi, na nikiishiwa pesa je? Hili swali tunaona aibu kuliuliza na ndilo huenda likawa muhimu kuliko yote. Tunapenda kununua dawa za siku tatu, tuone kwanza. Kwa dawa hizi hiyo ni hatari. Duloksetini au pregabalini ukiimeza wiki kadhaa kisha ukaikata ghafla kwa sababu mfuko umekauka, mwili unaweza kulipiza: kizunguzungu, jasho, kukosa usingizi, wasiwasi, na maumivu kurudi na hasira. Mwambie daktari ukweli wa mfuko wako. Mimi nilimwambia, akaniandikia jina la dawa bila jina la kampuni, nikapiga simu kemisti tatu, na bei zilitofautiana kama za nyanya sokoni.

Sita: tukiona haifanyi kazi, tunaachaje, na lini? Tulikubaliana wiki nane, kisha tuangalie. Isiponisaidia, hatuiachi kwa kutupa droo. Tunaipunguza kidogo kidogo, yeye akijua. Na nikipata madhara makubwa, yanaweza kuripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo hupokea ripoti hata kutoka kwa raia wa kawaida.

Hayo maswali sita yalichukua muda gani? Chini ya dakika kumi. Daktari hakukasirika. Nilikuwa nimejitayarisha kwa vita na hakuna vita iliyotokea. Alionekana, sijui, kama mtu ambaye amefurahi kuulizwa. Labda nao wamezoea sisi kunyamaza, kama vile sisi tumezoea wao kunyamaza. Mmoja akianza kuongea, kile kimya kinavunjika. Sasa nadhani mgonjwa asingoje kuulizwa. Aanze yeye. Lakini mzigo usiwe wa mgonjwa tu, maana yule mama wa miaka sitini ambaye hana simu ya kuandikia maswali, na ambaye alilelewa akiambiwa daktari haulizwi, naye anastahili zile sentensi tano.

Jambo la mwisho, na hili linatuhusu sisi wa kamera. Mwezi uliopita mtu alinitumia ujumbe akitaka nitangaze poda fulani ya “kumaliza maumivu ya viungo kwa siku saba”. Doo ilikuwa nzuri, na kodi ya nyumba haingojei mtu. Nilimuuliza yale maswali yangu sita. La kwanza tu hakulijibu. Nikakataa, na bado nafikiria zile pesa, sitawadanganya. Lakini mtu anayeuza nafuu bila kueleza inafanyaje kazi na inaachwaje, huyo ni ile bahasha ya 1×1, tofauti yake ni taa za rangi.

Ndiyo maana pia sitawawekea video ya siku ya kwanza. Najua mngeitazama. “Nimeanza dawa mpya, ona vile nilivyo!” Siku ya kwanza haina habari. Nikiwa vibaya siku ya tatu, kuna dada atanitazama aiache dawa yake ambayo ingemsaidia wiki ya sita. Nikiwa vizuri siku ya tatu, kuna mwingine ataikimbilia bila kuulizwa kama ana tramadoli kejani. Mwili wangu si ushahidi wa mwili wako. Nina daftari. Kila jioni naandika mistari mitatu tu: maumivu 0 hadi 10, nililala saa ngapi, nilitembea dakika ngapi. Nimeanza wiki moja kabla ya dawa ili nijue nilitoka wapi. Wastani wa maumivu wiki hii ni 7. Ikifika 5 nitacheza. Ikibaki 7, nitawaambia ilibaki 7.

Mama amepiga simu jioni hii. Nilimweleza yote, kitufe cha sauti na matatu na kila kitu, naye akasikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja: “Na hiyo utaimeza na nini?” Nikamwambia chai na mkate. Akasema mkate si chakula, kesho asubuhi anakuja na uji.

Hakuniuliza kama nautaka. Hapo sina neno.